Betri mbili kwa gari lisilotembea: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kimetoka kwenye kazi yangu ya umeme wa magari, katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Nimeondoa majina, mtaa na aina ya gari, na familia yenyewe imeridhia kiandikwe. Nakiandika kwa sababu betri za namna hii naletewa mara kwa mara, na mwenye gari huja ameshaamua kwamba kauziwa betri feki. Mara nyingi betri haina kosa. Imeuliwa pale pale ilipoegeshwa, polepole.

Usuli

Mwenye gari ni mzee mstaafu, umri umepita miaka 70, anaishi na mkewe. Watoto wako mbali. Mama ana pumu ya miaka mingi na huenda kliniki mara moja kwa mwezi, kilomita 4 kutoka nyumbani.

Mzee alipokuwa kazini gari lilikuwa likitembea kila siku, kilomita 20 kwenda na 20 kurudi. Betri ya wakati ule ilikaa miaka 3 na hakuna aliyefungua boneti kwa ajili yake. Alipostaafu, gari likawa la kliniki tu. Siku zilizobaki likawa chini ya muembe uani, limefunikwa turubai. Kila Jumapili Mzee aliliwasha, akaliacha lingurume dakika 10 "lipate chaji", kisha akazima. Ndivyo alivyoelekezwa na wenzake, na alifanya kwa uaminifu bila kuruka Jumapili hata moja.

Karibu na wakati huo huo gari la jirani liliibwa. Mtoto wao mmoja akalipia trekka, ile ya kuonyesha kwenye simu gari liko wapi. Fundi akaja, akakifunga kifaa chini ya dashibodi, akaondoka. Alamu ilikuwa imo tangu zamani.

Betri iliyonunuliwa baada ya kustaafu ilikuwa ya saizi ya NS60, ya ampea-saa 45, yaani kiasi cha umeme inachoweza kubeba. Ilidumu miezi 9. Katika miezi hiyo, kila baada ya wiki mbili tatu, jirani mwenye teksi alikuwa akiitwa na waya zake za kubusti. Gari ni oto, kwa hiyo halisukumwi likawaka. Mwishowe fundi mmoja akasema betri imekufa seli. Ikanunuliwa nyingine ya saizi ile ile, ya bei zaidi, kwa imani kwamba bei itatatua shida. Nimeuliza na kuuliza tena: katika muda wote huo hakuna mtu aliyetia mita kwenye lile gari.

Usiku wenyewe

Betri mpya ilikuwa na miezi 5. Usiku wa manane Mama akabanwa na pumu, na dawa ya kuvuta haikumsaidia. Mzee akamwegemeza kwenye kiti cha mbele, akageuza funguo. Taa za dashibodi ziliwaka hafifu, ikasikika tik-tik-tik ya relei, kisha kimya. Akajaribu mara nne. Kila akijaribu taa zilizidi kufifia.

Jirani wa teksi alikuwa safarini. Aliyewaokoa ni kijana wa bajaji anayelala nyumba ya tatu. Mama alifika hospitali, akawekewa oksijeni, akarudi nyumbani siku ya pili. Mzee aliponisimulia asubuhi yake sauti ilikuwa chini sana. "Mwanangu," aliniambia, "gari hili nimelitunza kwa ajili ya usiku mmoja kama ule."

Sentensi hiyo ilinibadilishia kazi. Gari la namna hii halipimwi kwa kilomita linazotembea kwa mwaka. Linapimwa kwa dakika moja ambayo hakuna anayejua itakuja lini.

Ziara ya kwanza, na nilichokosea

Nilipima betri: volti 11.3. Betri ya volti 12 ya kawaida, ikijaa na ikapumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikisoma 12.0 imebaki kama robo. Kuanzia 11.8 kushuka chini ni tupu. Ya Mzee ilikuwa tupu kabisa.

Vichwa vya betri vilikuwa na unga wa kijani na mweupe, jambo la kawaida kwetu kwa upepo wa chumvi. Nikavisafisha kwa maji ya moto na brashi. Betri nikaenda nayo karakana, nikaichaji polepole kwa ampea 4 kwa saa 14 hivi, nikaiacha ipumzike. Ikasoma 12.55. Nikairudisha, nikawasha gari, nikapima altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka: volti 14.2. Altaneta nzima, betri inashika chaji. Nikamwambia Mzee alitembeze kidogo kila wiki, nikachukua hela yangu, nikaondoka.

Sikupima umeme unaoliwa gari likiwa limezimwa. Kipimo hicho kinataka karibu saa nzima ya subira, na siku ile nilikuwa na magari mawili yakinisubiri. Nilijua kinatakiwa kufanywa. Betri mbili ndani ya miezi 14 kwenye gari lililoegeshwa ni dalili inayoonekana hata na mwanafunzi wa miezi mitatu. Siku ya tisa Mzee akapiga simu. Gari halikuwaka.

Ziara ya pili: kumtafuta anayekula chaji

Safari hii nilipanga asubuhi nzima. Kwanza niliichaji tena ile betri. Nikafungua boneti, nikashusha kioo cha mlango wa dereva ili niweze kupitisha mkono, na kwa bisibisi nikaifunga komeo ya mlango ulio wazi ili gari lidhani mlango umefungwa. Bila hivyo taa ya ndani na kompyuta zake haziendi kulala, na kipimo kinakudanganya. Nikatoa funguo. Kisha nikalegeza hasi ya betri kwa spana namba 10 na kuweka mita katikati, kati ya waya na kichwa cha betri, ikiwa kwenye tundu la ampea 10. Ukiwa umeweka mita hivyo usithubutu kupiga staata. Gari dogo linavuta zaidi ya ampea 100 wakati wa kuwaka, na fyuzi ya mita itaondoka papo hapo.

Mara ya kwanza mita ilionyesha zaidi ya ampea 1. Nikakaa kwenye kigoda, Mama akaleta chai ya tangawizi. Baada ya dakika 25 ikashuka na kutulia kwenye 0.11.

Gari zima la aina ile likilala linatakiwa kula kati ya 0.02 na 0.05: saa, kumbukumbu ya redio, kompyuta ya injini, alamu. Hapa kulikuwa na zaidi ya mara mbili. Nikaanza kung'oa fyuzi moja moja, nikisoma mita kila mara. Haikushuka kwa maana. Nikatoa fyuzi zote za ndani ya gari, bado. Hapo nikajua kuna kitu kimechukua moto nyuma ya fyuzi, moja kwa moja kutoka kwenye waya unaoleta moto kwenye swichi ya funguo.

Nikalala chali sakafuni, kichwa karibu na pedali, nikapapasa. Vidole viligusa kiboksi kidogo kilichofungwa utepe mweusi, kina uvuguvugu. Gari lilikuwa limezimwa tangu juzi, na kile kilikuwa cha moto kidogo kama simu iliyotoka kupigiwa. Taa yake ya kijani ilikuwa inapepesa. Ilikuwa ile trekka.

Kifaa cha aina ile kina waya tatu muhimu: moto wa moja kwa moja, ethi (hasi), na waya wa tatu unaokwenda kwenye moto unaopatikana funguo ikiwashwa tu. Huo wa tatu ndio unaokiambia kwamba gari limewashwa au limezimwa. Kikijua limezimwa, kinalala na kutuma habari mara chache. Aliyefunga aliusokota huo wa tatu pamoja na ule wa kwanza. Kwa hiyo tangu siku ilipofungwa, trekka iliamini gari liko barabarani, mchana na usiku, likiwa chini ya muembe. Nilipoukata muungano ule mita ilishuka hadi 0.03.

Nikaunganisha waya wa tatu mahali pake na kuipa trekka fyuzi inayofikika. Ikatulia ikiwa imelala, gari zima likawa kwenye 0.04.

Hesabu niliyomwonyesha Mzee

Niliiandika nyuma ya risiti, kwa sababu Mzee alikuwa mtu wa ofisi na anapenda kuona namba. Ampea 0.11 kwa saa 24 ni ampea-saa 2.64 kwa siku. Kwa wiki ni zaidi ya 18. Betri ya ampea-saa 45, ikiwa mpya na imejaa, inafika nusu siku ya tisa na kuisha kabla ya siku 20. Ndiyo maana jirani wa teksi alikuwa akiitwa kila wiki mbili tatu. Haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa ratiba.

Na zile dakika 10 za Jumapili? Injini ikinguruma tu bila kutembea altaneta inazunguka taratibu na haitoi nguvu zake. Hata tukiwa wakarimu tuseme betri ilipata ampea-saa 2 au 3. Imetoka 18, imerudi 3. Tena betri ya asidi haijazwi kwa haraka. Robo ya mwisho inaingia pole pole kwa saa kadhaa hata ukiwa na chaja nzuri. Mzee aliitazama ile risiti muda mrefu, akaikunja, akaiweka mfukoni.

Hali ya betri yenyewe

Betri ikitumika, sahani zake za risasi hujipaka tabaka la salfeti. Ukiichaji mapema tabaka linayeyuka na kurudi kuwa asidi. Ukiiacha nusu au tupu kwa wiki, lile tabaka linakuwa chembe ngumu, na sehemu iliyofunikwa hairudi tena kazini. Joto la pwani linaharakisha, maana hata betri isiyofungwa kwenye kitu chochote hupoteza chaji yake yenyewe, na kwenye joto hupoteza upesi zaidi. Betri ya Mzee ilikuwa imelazwa tupu mara nyingi kiasi gani, hakuna anayejua.

Nilitaka kujua imebaki kiasi gani. Niliijaza, nikaiunganisha na balbu moja ya taa kubwa, wati 55, inayovuta ampea 4.5 hivi, nikaweka saa. Ilishuka hadi volti 10.5 baada ya saa 5 na dakika 40. Hiyo ni kama ampea-saa 26. Betri ya miezi 5, iliyolipiwa kama ya 45. Niliichaji palepale ilipoisha. Kipimo hiki chenyewe kinaichosha betri, na sikipendekezi kwa mtu wa nyumbani. Nilikifanya kwa sababu nilihitaji kuamua kama inunuliwe nyingine.

Niliamua isinunuliwe. Ampea-saa 26 zikiwa zimejaa zinatosha kabisa kuliwasha gari dogo. Kilichokuwa kinakosekana ni uhakika kwamba zitakuwa zimejaa usiku utakaohitajika.

Kuchagua dawa

Baada ya kurekebisha trekka gari lilikuwa linakula karibu ampea-saa 1 kwa siku. Kwa betri ile iliyopungua, siku 13 na imefika nusu. Bado palihitajika utaratibu.

Wazo la kwanza la Mzee lilikuwa kuvua hasi ya betri na kuifunga wakati wa safari. Ni njia nzuri na haina gharama, na kwa gari la shamba au la mtu aliyesafiri miezi mingi ningeichagua bila kusita. Hapa niliikataa. Vidole vya Mzee havina nguvu tena ya spana, alamu na trekka vingezimwa, na zaidi ya yote, saa nane usiku mke amebanwa kifua si wakati wa kutafuta namba 10 gizani.

Mtoto wao akatuma kwa basi paneli ndogo ya sola ya wati 10, ya kuwekwa juu ya dashibodi na kuchomekwa kwenye tundu la kiberiti. Nia ilikuwa njema sana. Baada ya wiki mbili betri ilikuwa imeshuka kama vile hakuna paneli. Sababu zilikuwa mbili, na zote mbili zilikuwa mbele ya macho yetu. Tundu la kiberiti la gari lile halina moto funguo zikiwa nje, kwa hiyo paneli ilikuwa haijaunganishwa na kitu. Na gari linakaa chini ya muembe. Paneli ile ile juani, ikafungwa kwenye betri yenyewe kupitia kidhibiti kidogo, ingetosha na kubaki. Lakini kuhamisha gari juani kungemaanisha kuegesha nje ya geti, na hilo Mzee hakulitaka. Nilikubaliana naye.

Kulitembeza kila wiki dakika 45 kungesaidia, na tairi na breki zingeshukuru. Tuliliweka kama nyongeza, kwa sababu macho ya Mzee siku nyingine hayamruhusu kuendesha. Dawa isitegemee afya ya mtu ambaye ndiye anayehitaji kusaidiwa.

Tukaishia kwenye chaja ndogo ya umeme wa nyumbani, ile inayopanda hadi volti 14.4, kisha betri ikijaa inajipunguza yenyewe na kuishikilia kwenye 13.5 hivi. Hapa lazima nisisitize: si chaja ya zamani ya transfoma. Ile ukiisahau wiki nzima itaichemsha betri mpaka maji yakauke. Nilifunga waya mfupi wa kudumu kwenye vichwa vya betri, wenye fyuzi, ukatokeza mbele karibu na sahani ya namba, na mwisho wake una plagi yenye kifuniko. Chaja ikatundikwa barazani kwenye ndoano. Kila Ijumaa jioni inachomekwa, Jumamosi asubuhi inachomolewa. Hakuna anayefungua boneti. Kwa upande wa LUKU, umeme wa nyumbani wa kulipia kabla, chaja ya namna hii hata ikiachwa mwezi mzima mfululizo ingekula kadiri ya yuniti 3. Kwa usiku mmoja kwa wiki haionekani.

Matokeo

Leo ni mwezi wa 11 tangu tuanze utaratibu huu. Betri ni ile ile ya ampea-saa 26. Gari halijakataa kuwaka hata mara moja, na jirani wa teksi hajaitwa tena. Mama alibanwa mara nyingine katika mwezi wa 6 wa utaratibu, saa kumi alfajiri. Liliwaka kwa funguo moja, wakafika hospitali kabla hali haijawa mbaya.

Mzee ananunua vitu kwa hesabu. Alijinunulia mita ndogo ya bei rahisi, akatengeneza daftari. Kila Ijumaa kabla ya kuchomeka chaja anapima kwenye ile plagi ya mbele, anaandika tarehe na namba kwa kalamu ya bluu. 12.48. 12.50. 12.47. Kuna ukurasa mmoja una 12.21 iliyopigiwa mstari mwekundu: wiki ile mjukuu aliacha taa ya buti ikiwaka. Waliigundua kwa daftari, siku ile ile, betri ikachajiwa siku mbili mfululizo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kipimo cha dakika 25 za kusubiri kwenye kigoda. Kila kitu kingine kilitokana na ile 0.11. Bila namba hiyo ningeuza chaja, chaja ingefidia kosa la trekka kwa muda, na siku umeme wa mtaa ungekatika wiki nzima tungerudi usiku ule ule.

Kilichoshindwa kabla yangu ni desturi ya kubadilisha betri kama jibu. Betri iliyokufa inaonekana na inabebeka. Umeme unaovuja hauonekani. Mafundi wenzangu wanaposema "imekufa seli" huenda wanasema kweli, lakini swali la pili, imekufa kwa nini, halilipiwi na mtu, kwa hiyo haliulizwi. Naomba wateja walilipie. Lipeni saa moja ya fundi kabla ya kulipia betri.

Kilichoshindwa kwangu nimeshakitaja: niliridhika na betri na altaneta nzima. Vipimo viwili vizuri vilinifanya nihisi nimemaliza, ilhali nilikuwa nimepima gari likiwaka tu, na tatizo lilikuwa likitokea limezimwa.

Trekka yenyewe siilaumu, inalinda mali ya watu. Ila kila kifaa kinachoongezwa kwenye gari, iwe trekka, kamera au redio kubwa, kingepimwa siku ile ile kinapofungwa, gari likiwa limelala, na namba ikaandikwa kwenye risiti. Kazi ya dakika 30. Mimi sasa naifanya, na nimeanza kuwadai vijana wanaofanya kazi kwangu waifanye pia.

Kuhusu paneli, tulipoteza wiki mbili kwa sababu hakuna aliyepima kama umeme unafika kwenye betri. Ukichomeka kitu chochote cha kuchaji, weka mita kwenye vichwa vya betri. Namba isipopanda, hakuna kinachoingia, hata kama taa ya kifaa inawaka.

Limebaki jambo moja ambalo mimi na Mzee hatujakubaliana. Anataka kuitumia betri hii mpaka ife. Mimi nataka ibadilishwe kabla ya mvua za masika, daftari likianza kuonyesha Ijumaa tatu mfululizo chini ya 12.40. Mama, ambaye kifua ni chake, yuko upande wangu.